Apio na Spika ya Kushoto

Apio ni fundi wa umeme wa magari mjini Kasese, na hakuna maneno anayoyachukia kama haya mawili: kazi imerudi. Akiyasikia hukunja uso, huweka bisibisi chini, na hatasema neno mpaka gari lenyewe liingie uani. Wanaomfahamu humpisha.

Alizaliwa Kilembe, juu kidogo ya mji. Baba yake, mtu wa upande wa Lira, alikuja huko kufanya kazi ya umeme katika mgodi wa shaba. Wafanyakazi wa kambi ile walitoka pande zote za nchi na hata ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo watoto wao walizungumza Kiswahili kabla ya kuzijua vizuri lugha za wazazi. Mgodi ulipofungwa, baba yake akawa miongoni mwa wachache walioachwa kulinda mitambo, na ili watoto wapate chakula alikuwa akitengeneza redio za majirani kwenye meza ya kulia chakula. Apio ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza ile. "Usikisie," baba alikuwa akimwambia. "Badilisha kitu kimoja tu, kisha sikiliza. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilikuwa kibovu."

Baada ya baba kufariki, Apio alihamia kwenye umeme wa magari. Karakana yake ya kwanza ilichukuliwa na mafuriko ya mto Nyamwamba, vyombo, mabati na vyote. Akaanza upya nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye barabara ya kwenda Bwera. Sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, na bado wapo wanaume wanaomkuta amelala chini ya usukani, nyaya ziko mdomoni, wakamuuliza fundi yuko wapi.

Yowasi hakuuliza hivyo. Huyu ni mnunuzi wa kahawa anayekaa Bwera. Ana Landkruza kuukuu ya milango minne anayoipandisha milima ya Karambi kila msimu, kwenye njia ambazo hata pikipiki hufikiri mara mbili. Mwezi wa pili alileta gari hilo kwa Apio, na kabla hajazima injini alikwisha anza kulalamika.

"Fundi, niwekee spika mbili huku nyuma. Mama ananimaliza. Kila kitu redio inasema, yeye anauliza, 'Anasema nini?' Kutoka Bwera mpaka hapa, redio ni mimi!"

Mama yake, Mama Evas, alikuwa ameketi kiti cha nyuma upande wa kushoto, mguu mmoja ameunyoosha. Goti lilikuwa linamsumbua, na kila wiki mwanawe alimleta Kasese kukandwa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, macho makali.

"Na anajibu nusu nusu," akasema. "Wametangaza msiba, nimemuuliza nani, ananiambia mtu wa Karambi. Karambi iko na watu wangapi?"

Apio akacheka. Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Milango ya nyuma ya gari lile haikutengenezewa spika, kwa hiyo ilimbidi kufungua kava, kukata tundu kwa msumeno, kisha kuchonga duara la mbao ili spika ikae sawa juu ya bati lililopinda. Nyaya alizipitisha chini ya zulia, na alipolifunua akakuta maganda ya kahawa ya misimu mitatu. Alifanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri. Mama Evas alipelekwa kwenye goti lake, akala, akalala kidogo kwa jamaa, na alipokuja kuchukuliwa gari lilikuwa linaimba pande zote nne. Yowasi alimshika Apio mkono kwa mikono miwili.

Baada ya wiki moja simu ikalia.

"Fundi," akasema Yowasi, "kazi imerudi."

Spika ya nyuma kushoto, akaeleza, ilikuwa haisemi. Gari likisimama labda inasema, lakini likianza kutembea inakufa. Gari lilipofika, Apio akafungua mlango, akavuta kila waya, akatikisa kila kiungo. Hakuna kilicholegea. Akawasha redio, na spika ya kushoto ikasema wazi kama mtu aliyeketi hapo.

"Sasa inasema," akasema Yowasi.

"Ilikuwa inasema tangu mwanzo."

"Mama anasema njiani ilikufa. Yeye ndiyo anakaa hapo."

Apio hakubishana. Gari la milimani hurukaruka, na waya unaweza kugusa mahali na kuachia. Akavichoma upya viungo vyote kwa lehemu, akavifunga tepu, akaagana na Yowasi.

Wiki iliyofuata gari likarudi, na spika ileile. Safari hii Apio akakumbuka mafunzo ya meza ya Kilembe. Akaihamisha spika ya kushoto akaiweka kulia, na ya kulia akaiweka kushoto. Kama spika ni mbovu, ubovu utahama nayo. Yowasi akaenda zake, na siku tatu baadaye akapiga simu: bado kushoto. Basi si spika, Apio akajiambia, ni waya. Gari lilipokuja aliung'oa waya wote wa upande ule, akaweka mpya, akaupitishia njia nyingine kabisa. Na kwa kuwa alikwisha kuchoka, akamwambia Yowasi aingie aendeshe.

Walikwenda mpaka Bugoye. Apio aliketi mahali pa Mama Evas, sikio karibu na mlango, na akamwambia Yowasi atafute njia mbaya kuliko zote. Yowasi alizipata. Walipita kwenye mawe, kwenye makorongo, kwenye mfereji mmoja ambako kichwa cha Apio kilikutana na paa mara mbili. Redioni kulikuwa na mhubiri, naye alimhubiria Apio sikioni bila kukatika hata neno moja, kwenda na kurudi.

"Umesikia imekufa?" Apio akauliza waliposhuka, anajishika kichwa.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hapana, fundi. Sasa imepona."

Haikupona. Siku ya Ijumaa Yowasi aliingia uani wakati wateja wengine wanne wamekaa kwenye benchi wakisubiri, akasema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Fundi, mama anasema ya kushoto haisemi kabisa." Dereva mmoja aliyekuwa akingojea betri akamgeukia mwenzake. "Si niliwaambia," akasema, wala hakupunguza sauti. "Hii kazi ya umeme, mwanamke atakupoteza tu."

Apio alisikia masikio yake yakiwaka moto. Kama angetulia dakika moja angekumbuka kwamba spika zilikwisha badilishana pande, na kwamba ubovu haukuhama. Kwa hiyo spika hazikuwa na kosa. Alilijua hilo. Lakini hasira haikumpa nafasi ya kufikiri. Alizing'oa zote mbili, akazitia kwenye mfuko, akapanda gari la Yowasi mpaka Bwera.

Spika hizo alizinunua kwa Jean-de-Dieu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwenye kibanda cha vifaa vya magari karibu na soko la mpakani. Miaka minane walikuwa wakifanya biashara. Apio alikuwa akimpigia simu tu, na Jean-de-Dieu akimchagulia na kumtumia vitu kwa taksi za abiria, na havikuwahi kuwa vibovu. Mke wa Jean-de-Dieu alipojifungua, Apio alimpelekea blanketi.

Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Apio aliumimina mfuko juu ya meza yake.

"Hizi ni takataka! Umeniuzia takataka, nimerudia gari moja kama mwendawazimu. Watu wananicheka kwa sababu yako!"

Jean-de-Dieu alizitazama spika, kisha akamtazama yeye. Kwenye kibanda cha pili, Laurentine, muuza vitenge, na mteja wake waligeuka kutazama.

"Apio," akasema polepole, "myaka munane. Siku gani nilikuuzisha kintu ya mubovu? Siku gani? Sema."

"Leo."

 Jean-de-Dieu akapanda kwenye kiti, akashusha boksi jipya la spika mbili, akaliweka mbele yake. "Kamata. Beba. Lakini hapa kwangu usikuye tena."

Apio akalibeba. Njiani alijiambia kwamba amefanya sawa, akajiambia tena, na mara ya tatu akaacha kwa sababu hata yeye hakuwa akijiamini. Akaziweka spika mpya siku ileile, zikasema vizuri, na gari likaenda.

Siku nne zikapita. Asubuhi ya siku ya tano Landkruza iliingia uani taratibu, kama gari la mtu anayeona aibu, na Mama Evas alikuwa ndani, mahali pake.

"Usiseme," Apio akamwambia Yowasi kabla hajafungua mdomo. "Usiseme hilo neno. Nenda ukanywe chai. Niachie gari, na mama niachie."

Yowasi akaenda. Apio akasimama, mikono kiunoni, akilitazama gari kama mtu anayetaka kupigana nalo. Spika amebadilisha pande. Kisha waya. Kisha spika zenyewe, mpya kabisa. Redio ilikuwa ileile, lakini mhubiri wa Bugoye alikwisha thibitisha kwamba redio ni nzima. Kila kitu cha upande wa kushoto kilikuwa kimebadilishwa, isipokuwa kimoja, na kimoja hicho kilikuwa kimeketi ndani, kimenyoosha mguu, kinachambua maharage kwenye bakuli.

Akaingia mbele, akawasha redio. Akakizungusha kitufe mpaka sauti yote ikaenda nyuma, kisha yote kushoto. Upande wa kulia ulikuwa kimya kabisa. Aliuwekea kiganja, hautetemeki.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia."

"Inatoka wapi?"

Mama Evas, bila kuinua macho kwenye maharage, akanyoosha kidole kulia. "Huku. Ile nyingine si ndiyo imekufa?"

Apio akazima redio. Akashuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akainama karibu na kitambaa cha kichwa cha yule mzee. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nyoka yuko kwenye bakuli."

Mama Evas akaendelea kuchambua.

Apio alikaa chini, hapo hapo kwenye ukingo wa mlango, miguu nje. Alikuwa na hamu ya kucheka na hamu ya kupiga kelele, na haikutoka hata moja. Baadaye akapita upande wa pili, akaingia, akaketi kulia kwa Mama Evas na kufunga mlango.

"Mama. Hilo sikio la kushoto lilikufa lini?"

Mikono ikasimama ndani ya bakuli. Mama Evas akatazama mbele, kwenye kioo.

"Mwaka juzi," akasema. "Niliamka na homa, na ndani kuna kelele kama mashine ya kusaga. Homa ikaenda. Kelele nayo ikaenda, na kila kitu kikaenda nayo."

"Na Yowasi hajui?"

"Nani anajua! Mimi bado naitwa watu wakigombania mipaka ya shamba. Naitwa kwa mahari. Nakaa, nasikiliza pande zote mbili, nasema neno langu. Wakijua nasikia upande mmoja, nani ataniita? Watakuja watoto waseme kwa niaba yangu, mimi nimekaa hapo kama mzigo."

"Lakini mama, umeniambia spika ni mbovu. Mara nne!"

"Nilifikiri..." Akasita. Sauti yake ikapungua, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Yowasi aliposema ataweka spika hapa karibu na sikio, nilifikiri labda kitu chenye nguvu namna hiyo kitaliamsha. Nikakaa, nikangoja. Halikuamka. Basi nikasema ni spika. Ukaitengeneza, nikangoja tena."

Apio alimwonea huruma. Lakini hasira ya wiki tano haiishi kwa huruma ya dakika moja, na ikatoka.

"Mimi nimechekwa hapa mbele ya watu, mama. Nimegonga kichwa Bugoye. Na nimemtukana mtu sokoni, mtu mzuri, rafiki yangu, amenifukuza. Hiyo spika yako imeniharibia jina."

"Usimwambie Yowasi."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Mimi siwezi kutengeneza gari zima kila wiki mpaka tufe."

Yowasi aliporudi, meno yake yakiwa bado na mandazi, mama yake alikuwa ameteremka na kusimama kando ya gari, ameshika mlango. Alimweleza kwa Kikonzo, kwa maneno machache, naye Apio hakuhitaji kutafsiriwa kwa sababu aliona uso wa Yowasi ukibadilika. Kwanza hakuamini. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole safari alizokwenda na kurudi, akapaza sauti, akageuka huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumlaumu. Kisha ghafla akashusha sauti, akauliza swali moja fupi, na mama yake akatikisa kichwa.

"Nimemuuliza kama inamuuma," akamwambia Apio baadaye, wakati mzee amekwisha kuingia garini. "Anasema haimuumi. Fundi, mwaka juzi mpaka leo! Mimi nafikiri ni redio. Nafikiri yeye ni mkaidi tu. Nimemgombeza njia nzima, Bwera mpaka hapa, kila wiki."

Alimpeleka kwa daktari wa masikio wiki ileile. Sikio la kushoto, wakaambiwa, halitarudi. La kulia liko sawa kwa umri wake. Apio naye akafanya kilichobaki. Aliiweka redio itoe sauti ileile pande zote, ili kisipotee kitu upande wa kushoto, kisha Mama Evas akahamishiwa nyuma ya dereva, spika ya kulia ikiwa karibu na sikio zima. Goti lilipinga kidogo, likazoea. Sasa anayelalamika ni Yowasi, kwa kuwa mama anataka sauti ya juu na matangazo yote ya misiba yanampiga yeye kisogoni.

Ikabaki Bwera. Apio aliichelewesha safari hiyo siku nyingi. Alijiambia kuna kazi, na kweli ilikuwepo. Alijaribu simu, ikaita hadi ikakatika, mara tatu. Mwishowe akaenda mwenyewe, siku ya soko tena, kwa sababu siku nyingine kibanda hufungwa mapema.

Jean-de-Dieu alimwona kutoka mbali na akaendelea kumhudumia mteja. Akamhudumia wa pili. Akapanga fyuzi zilizokuwa zimepangwa tayari. Apio akasimama juani.

"Spika hazikuwa na kosa," akasema mwishowe. "Ni sikio la mama wa mteja. Halisikii. Nimekukosea."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Ulinitukana kwa sauti gani?"

Apio hakuelewa.

"Siku ile ulisema mbele ya batu bote. Laurentine alisikia, muteja wake alisikia, ile ba-jeune, bale vijana ya mizigo, balisikia. Sasa unakuya kunisemea ndani ya mukono, polepole. Ile siyo sawa."

Apio alitazama nyuma. Soko lilikuwa limejaa kama siku ile. Alihisi shingo yake ikipata joto, na alitamani sana kugeuka na kuondoka. Kasese kulikuwa na maduka mengine ya spika. Badala yake akavuta pumzi.

"Laurentine!" akaita, kwa sauti ileile aliyokuja nayo mara ya kwanza, na watu wakageuka. "Nilisema huyu mtu ameniuzia takataka. Si kweli. Vitu vyake ni vizuri. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa na hasira."

"Tulijua," Laurentine akajibu, bado anakunja kitenge. "Wewe iko na hasira kila siku."

Watu wakacheka, na Jean-de-Dieu akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo, kisha akajizuia. Akavuta kiti kutoka chini ya meza akamsogezea Apio. Hakusema amemsamehe. Alisema tu kwamba mambo ya simu yamekwisha: akitaka kitu, aje mwenyewe, akichague kwa macho yake, akijaribu hapo hapo kwa betri mbele ya watu, ndipo akibebe.

"Mpaka Bwera? Kila mara?"

"Kila mara."

Apio alimwambia huo ni usumbufu mtupu, na kwamba wateja wake hawatangoja. Jean-de-Dieu akasema basi wasingoje. Wakabishana hapo mpaka chai ikaletwa. Tangu hapo, kila akihitaji spika, hupanda taksi mpaka Bwera siku ya soko, akinung'unika njia nzima kwa yeyote aliyeketi karibu naye, na hurudi jioni na boksi magotini.